Bibi Harusi Aliyeshushwa Njiani

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyopelekwa Kizimkazi kwa mume, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Wazee wenzangu wakikumbuka harusi zao huona hina, udi na vigelegele. Mimi huona mdomo wa lori. Nilikuwa nimeamua kunyamaza nife nayo, lakini juzi mtu wa humu nyumbani kafanya jambo lililonitonesha kidonda, na sasa sinyamazi tena.

Mjukuu wangu Suleiman gari ilimzimikia pale Kiembe Samaki, kwenye njia ya uwanja wa ndege, mchana kweupe. Mkewe alikuwa ndani na mtoto mchanga. Unajua alifanya nini huyu bwana mkubwa? Alishuka yeye peke yake, akafungua boneti, akabandika simu sikioni, na mkewe na mwanawe akawaacha wamekaa ndani ya gari, katikati ya njia, magari yanapita ubavuni yanapuliza honi. Nilipomuuliza kwa nini hakuwateremsha, akanijibu, "Bibi, jua lilikuwa kali, na pale watu wengi, wangekuwa wanamtazama tu mke wangu." Kisha akacheka. "Ajali haina kinga, Bibi. Na mbona hakikutokea kitu?" Gari ilipowaka akaondoka zake, na mawe aliyoyatia chini ya magurudumu akayaacha palepale barabarani.

Mbona hakikutokea kitu! Maneno haya haya niliyasikia nikiwa mwari, yakitoka kinywani mwa mtu mzima mwenye kilemba na bakora. Basi kaa kitako, mwanangu, nikusimulie. Na wewe Suleiman, ukipita hapo usijifanye una haraka, maneno haya ni yako vilevile.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, zama za foleni. Doti moja ya kanga mpya ilikuwa kitu cha kuamkia alfajiri na kupigania, na vipuri vya gari usiseme. Magari ya abiria, yale ya bodi za mbao tuliyoyaita gari za shamba, yalitembea kwa waya, kwa kamba na kwa dua za abiria wenyewe. Nikaha yangu ilisomwa kwetu Ng'ambo, na mume, Haji, alikuwa seremala wa Kizimkazi, kijana mpole ambaye hata uso wake nilikuwa siujui vizuri. Ilikubaliwa kwamba siku ya pili nipelekwe kwake. Baba yangu alikuwa keshafariki, kwa hiyo aliyesimamia mambo yote ni ami yangu Khatib, ndugu yake baba. Akakodi gari ya shamba ya dereva mmoja akiitwa Makame, tukapakia sanduku langu la nguo, mkeka wa ukindu aliousuka mama yangu kwa ajili ya siku ile, na wanawake wa kunisindikiza.

Nataka uwajue wawili kati ya wanawake hao. Wa kwanza ni Bi Mize, somo yangu, aliyenifunda tangu nilipovunja ungo. Alikuwa mfupi, mnene, mdomo mwekundu kwa tambuu, na sauti yake kama ya mtu anayeita kuku warudi bandani. Wa pili ni Bi Tatu, shangazi yake Haji, aliyekuja mjini kunichukua. Huyu alikuwa mrefu, mtaratibu, na kila neno lake lilianza na "kwetu". Kwetu chai hainywewi hivi, kwetu mwari hafungwi ushungi vile. Tulikuwa hatujafika hata Tunguu, mimi nshaanza kumwogopa.

Niliketishwa pembe ya nyuma kabisa, juu ya mto, kwa sababu mbele moshi wa mafuta ungeniharibia nguo, na kule nyuma turubali liliweza kuteremshwa nisionekane. Nilifunikwa ukaya usoni, kichwa nimekiinamisha, mikono ina hina mpaka vifundoni. Mwari hasemi, mwanangu. Hata nzi akitua puani hamfukuzi. Na ilikuwapo mila, kwetu mjini ilikuwa imelegea lakini kwao Kizimkazi bado ilishikwa kwa meno, kwamba bibi harusi akishatoka mlangoni kwao hashuki popote mpaka kizingitini kwa mumewe. Akikanyaga ardhi ya njiani, wakisema, baraka yake ameimwaga huko huko njiani.

Mvua ya masika ilikuwa imenyesha asubuhi yote. Tulipoingia msitu wa Jozani, mahali penye kona na miti iliyofunga juu kukawa kama ukumbini, tukasikia mlio mzito chini yetu, kah! Gari ikakaa upande, ikaburura kidogo, ikasimama. Makame akaingia uvunguni, akatoka kapakaa grisi mpaka kidevuni.

"Ekseli imekatika," alimwambia ami yangu. "Hii haisukumiki, Mzee. Mpaka nipate mtu wa kunipa lifti nkamtafute fundi mjini."

Na gari ilikuwa imesimama wapi? Nusu yake majanini, nusu yake barabarani, mkia wake umeielekea kona ile tuliyotoka kuipinda. Mtu ajaye kutoka mjini asingeiona mpaka awe ameshaipanda mgongoni. Makame, maskini, alifanya alivyozoea kufanya. Akatia jiwe kwenye gurudumu, akavunja matawi ya majani, akayalaza njiani kama ilivyo desturi yetu ya kumjulisha anayekuja kwamba mbele pana gari mbovu. Lakini aliyalaza papo hapo chini ya mkia wa gari, mtu angeweza kuyaokota bila kushuka.

Ami Khatib akasimama nje na bakora yake, akatoa amri. "Wanawake wote mkae ndani. Teremsheni turubali. Njia hii inapita wakata kuni na kila aina ya watu, sitaki harusi ya binti wa marehemu ndugu yangu iwe tamasha la msituni."

"Na kwetu," akaongeza Bi Tatu, "bibi harusi hashuki njiani."

Ikawa basi. Turubali likafungwa pande zote, tukawa kama tende kwenye kikapu. Joto, jasho, udi, na kwa kuwa wanawake wa harusi hawajui kukaa kimya, wakaanza kuimba na kupiga makofi. Nakwambia, mwanangu, tulikuwa tumekaa kwenye gari iliyokufa katikati ya njia, nyuma ya kona, hatuoni nje, na kwa makelele yetu wenyewe hatusikii. Kama kuna mtu aliyetaka kutengeneza mtego wa kuulia wanawake, asingeweza kuufanya vizuri zaidi ya ule. Na ulitengenezwa kwa nini? Kwa heshima! Neno hili heshima limebebeshwa mizigo ambayo si yake, na anayepinda mgongo siku zote ni mwanamke.

Ghafla tukasikia matairi yakilia. Gari ndogo ilitokea konani, ikatukwepa, ikachota majani ya upande wa pili, ikapita inayumba na dereva wake anatutukana mpaka sauti yake ikapotea. Nyimbo zikakatika. Bi Mize akainua turubali, akachungulia, akamuuliza ami yangu kama ameona.

"Nimeona," alisema ami. "Imepita. Mbona hakikutokea kitu?"

Bi Mize akashuka, akatembea mpaka konani na kurudi, kanga kaibana kwapani. Aliporudi alikuwa ametema tambuu yake, na kwa waliomjua Bi Mize, hiyo ilikuwa dalili ya vita.

"Makame," alisema, "majani haya umemwekea nani? Atakayeyaona keshatugonga!" Halafu akapiga ubao wa gari kwa kofi. "Nyote, teremkeni. Sasa hivi. Na mwari kwanza."

"Bi Mize, nshasema," ami akaanza.

"Nshakusikia, Khatib. Mie nshapeleka maharusi mpaka hesabu imenipotea, wa Mkokotoni, wa Makunduchi, wa Chwaka. Sijapeleka maiti hata siku moja, na sianzi leo kwa ajili ya kilemba chako."

Bi Tatu akaingilia, taratibu kama kawaida yake. "Somo, usitie hasira. Kwetu mwari akikanyaga njia, harusi hiyo ina mkosi. Mimi ndiye ntakayeulizwa nikifika."

Hapa, mwanangu, ndipo penye uchungu. Mimi mwenyewe sikutaka kushuka. Nilikuwa nimeisikia ile gari ndogo, lakini nilimwogopa Bi Tatu kuliko kifo. Niliwaza watakavyonisema Kizimkazi, watakavyonitazama kila nikienda kisimani. Nikashikilia ubao wa kiti, nikatikisa kichwa chini ya ukaya kwamba sishuki. Bi Mize akapanda, akainama mpaka uso wake ukaingia ndani ya ukaya wangu, akanong'ona, na ndiyo mara pekee niliyopata kumsikia akinong'ona.

"Unaona aibu? Vyema. Aibu ni ya mtu aliye hai. Kaa hai kwanza, aibu tutaishughulikia kesho."

Kisha akanyoosha mgongo, akaanza kazi. Alivuta mkeka wa mama, akautandika chini penye mlango wa nyuma, juu ya tope jekundu. Akafungua sanduku langu, akatoa kanga mpya, zile ambazo mama alizisimamia foleni miezi na miezi, akazigawa kwa mashoga zangu bila huruma. "Mzungushieni! Inueni juu!" Wakanizungushia ukuta wa kanga pande zote, nikashuka juu ya mkeka, hakuna mkata kuni wala ndege aliyeniona. Heshima ilikuwapo, unaona? Ilikuwa inataka mkeka mmoja, kanga kidogo na mtu mwenye akili. Ami yangu angeweza kuliwaza hilo yeye mwenyewe laiti angekuwa anaitafuta heshima yangu, si yake.

Mkeka, bila shaka, haukufika mbali. Baada ya hapo nilikanyaga tope kama kila mtu. Bi Mize alitupeleka juu, ndani ya miti, mbali na barabara. Shoga yangu mmoja akasema tukae mbele ya gari, pana kivuli kizuri na gari itatukinga. Bi Mize akamtolea macho. "Ikisukumwa kwa nyuma, itakwenda wapi? Si itakuja juu yako?" Wakahama wote mbiombio. Akamtupia Makame kanga nyekundu, akamwambia aache kuchungulia ekseli, kwani ekseli haitajiunga kwa kutazamwa, aende ng'ambo ya kona, mbali, asimame kando penye majani, aipunge kanga kwa kila anayekuja.

Na ami Khatib? Alikasirika kwa kuvunjiwa amri mbele ya wanawake. Akapanda mbele, akakaa kiti cha abiria, bakora katikati ya magoti, uso kaugeuzia msituni. Alisusa, mtu mzima yule. Bi Mize akamwita mara moja, "Khatib, shuka, usiwe mtoto," naye akajitia hasikii.

Hatukukaa sana. Tulisikia kwanza sauti ya Makame akipiga kelele, halafu honi ndefu, halafu breki. Lilikuwa lori linalokwenda kupakia kuni, tupu, na lori tupu hukimbia. Lilitokea konani limekaa upande upande, matairi yanateleza juu ya maji na majani, dereva kaning'inia kwenye usukani kwa mikono yote miwili. Nilifunua ukaya. Mwari au si mwari, niliufunua, nikaona kwa macho yangu. Ami yangu aliruka kutoka mlango wa mbele kama kijana wa miaka kumi na mitano, akaangukia tumbo mferejini, kilemba huku, bakora kule. Na hapo hapo lori likaingia nyuma ya gari yetu.

Mbao zile zilivunjika kwa mlio ambao hadi leo nikisikia mtu anapasua kuni nyuma ya nyumba huomba aache. Gari ilisukumwa mbele, ikavuka mahali palipokuwa na kile kivuli kizuri cha shoga yangu, ikaegemea mti. Vumbi halikuwapo, kwa vile palikuwa na maji, kwa hiyo tuliona kila kitu mara moja. Pembe ya nyuma, penye mto wangu, haikuwapo tena. Boriti ya bodi ilikuwa imepita katikati ya mto, na pamba zake zilikuwa zikielea kwenye dimbwi.

Tulisimama tu, tumeshikana. Mimi niliogopa kwanza, lakini woga ukapita, ikabaki hasira, na hasira hiyo haijapoa bado. Nilikuwa na umri mdogo, mwili wangu unanukia udi, na kulikuwa na watu wazima wawili ambao wangeniacha nikae juu ya mto ule ili wao wasisemwe.

Dereva wa lori aliumia goti na pua. Bi Mize alimfunga kwa kanga yangu nyingine, na yule bwana hakuacha kurudia, "Ile nyekundu, mama. Niliona ile nyekundu ndipo nkakanyaga breki. Bila ile nngeingia mzima mzima." Kumbuka hilo, mwanangu. Kanga iliyosimamishwa mbali haikutuokoa sisi tuliokwisha kushuka. Ilimwokoa mtu ambaye hatukumjua, ambaye hakuwamo katika harusi yetu. Gari yako ikifa njiani, ujue umekwisha kuwa hatari kwa wenzako, na una wajibu juu yao hata kama hujui majina yao.

Ilipotokea gari nyingine ya abiria iliyokubali kutufikisha Kizimkazi, ami yangu alikuwa wa kwanza kutaka kupanda. Bi Mize akasimama mlangoni. Hakuna wa kupanda, alisema, mpaka yale mawe, matawi na vipande vya mbao viondolewe njiani. "Usiku hapa patapita mtu na baiskeli. Mmeponea nyinyi, mnataka afe yeye?" Tukaokota wote, wanawake kwa nguo za harusi. Ami aliokota tawi moja.

Njia nzima Bi Tatu hakusema neno, nikadhani amejifunza. Kumbe alikuwa anaweka akiba. Tulifika magharibi inakaribia, ngoma inalia, wanawake wa Kizimkazi wametoka na vigelegele, mama yake Haji amesimama kizingitini. Bi Tatu akatangulia, akainua mkono, ngoma ikanyamaza.

"Nisikilizeni kwanza," alisema. "Huyu bibi harusi kashushwa njiani. Kakanyaga ardhi, na papo hapo gari ikavunjika vipande. Mkosi huo mie siuingizi nyumba ya ndugu yangu. Mwari arudi kwao, wanaume wakae wazungumze."

Mwanangu, nimeponea lori, nimefika mlangoni, na huyu anataka nirudishwe kama sufuria iliyopasuka! Gari ilikufa kabla sijashuka, Bi Tatu alikuwapo, alisikia ekseli ikikatika kwa masikio yake mawili. Lakini mkosi ni rahisi kuusema kuliko kusema "nilikosea". Watu wakaanza kunong'ona. Nikamtazama ami yangu, kwa kuwa ndiye msimamizi wangu, ndiye aliyepaswa kufungua kinywa. Alikuwa anafuta tope kwenye kilemba. Kama ningerudishwa siku ile, nani angeniposa tena? Mwari aliyerudishwa mlangoni hupewa kila sababu isipokuwa ya kweli.

Bi Mize alipita katikati ya watu, mkeka kaubeba kichwani. Akautua, akaukunjua pale pale mbele ya kizingiti. Ukindu uliotiwa rangi kwa mikono ya mama ulikuwa umeloa tope jekundu, na vibanzi vya mbao vimenasa ndani yake.

"Naam, kakanyaga," alisema. "Na mie ndiye niliyemshusha, jina langu Mize, mnitafute Ng'ambo mkitaka. Mkeka wake ndio huu, umechafuka. Mlitaka uje msafi? Ungekuja msafi, tena umekunjwa, na yeye yumo ndani yake. Mkeka tunalazia maharusi na mkeka tunabebea maiti. Semeni mlitaka upi."

Huko ndani nilimsikia mwanamume akikohoa, nikajua ni Haji, naye kama mimi haruhusiwi kusema. Ndipo mama yake akageuka, akaingia ndani, nami nikajua yamekwisha, narudishwa. Akatoka na kopo la maji. Akachutama pale kwenye mkeka, bibi mwenye nyumba mbele ya wageni wake wote, akaninyanyua mguu mmoja, akaumwagia maji, akausugua tope kwa kiganja chake, halafu wa pili.

"Karibu, mwanangu," aliniambia. "Tope hutoka."

Nililia, na hapo hata mila haikunizuia. Niliingia nyumba ile na nikakaa humo na Haji mpaka Mungu alipomchukua.

Usidhani hadithi inaishia kwa utamu. Ami Khatib aliishi miaka mingi baadaye, na kila akikaa barazani pale Ng'ambo aliisimulia ajali ile. "Nikawaambia wanawake: teremkeni! Msikae garini!" Watu wakitikisa vichwa kwa busara zake, nami nikipita na sinia la kahawa, nimefunzwa adabu, nimeuma ulimi. Marehemu hasemwi, najua, Mungu amsamehe. Mimi simsemi yeye, naisema bakora yake. Na Bi Tatu mpaka anazeeka aliniita "yule aliyeshushwa njiani". Mwanzo niliumia. Baadaye nikawa naitika, "Naam, ndimi." Nilishushwa njiani, ndiyo maana Suleiman yuko duniani kunijibu ujinga.

Basi sikiliza, mwanangu. Wanaokwambia ajali haina kinga wamesema kweli, lakini wanaisema mahali pasipo pake. Gari kuzimika ni ajali. Kuwaacha watu wako wamekaa ndani yake katikati ya njia, hiyo si ajali, hiyo ni kuikaribisha na kuitandikia busati. Gari ikianza kulia vibaya, usiibembeleze mpaka ikufie konani. Itoe kando ingali ina pumzi. Ikikataa kutoka, kabla hujafungua boneti fungua milango. Watu kwanza, chuma baadaye. Washushe kwa upande wa majani, uwapeleke mbali, wasikae mbele yake wala nyuma yake, na uwaambie wanyamaze ili masikio yao yafanye kazi. Simu nayo, Suleiman, ni makelele kama nyimbo zetu za siku ile.

Na alama yako uiweke mbali, ng'ambo ya kona au ya kilima, mahali ambapo anayekuja akiiona bado ana nafasi ya kupunguza mwendo. Siku hizi mna taa za kuwaka na kuzimika, mna na ile pembetatu nyekundu. Ya Suleiman nimeiona, iko chini ya mabegi kwenye buti, ndani ya nailoni yake, kama urithi. Sisi tulikuwa na kanga tu tukaitumia. Kisha ukimaliza, okota mawe yako. Mawe uliyoyaacha Kiembe Samaki, Suleiman, nimemtuma mtu akayaondoe, na mpaka anafika alimkuta kijana mmoja na vespa yake imelala ubavu. Amechubuka tu, alhamdulillahi. Lakini usiniambie tena hakikutokea kitu. Kilitokea, wewe ulikuwa umeshaondoka.

La mwisho ni hili. Watakutazama, mwanangu. Watasema mkeo kasimama juani, watasema bibi harusi kachafuka, watasema umechelewa na umefika na tope. Waache waseme. Wahenga walisema kawia ufike, hawakusema fika umependeza.

Mungu akupe gari nzima na njia nyeupe. Na ikiwa siku moja gari itakukatalia, akupe mtu wa kukushusha kwa nguvu, kama alivyonipa mimi. Na akufikishe mlangoni kwako kwa miguu yako, umechelewa, umechafuka, unasemwa, lakini umefika, na pawe na mtu wa kukuosha tope. Amin.